Punguza, Usiache

(Maneno ya mhudumu wa afya wa kijiji kwa kikundi cha akina mama na wazee, baada ya mkutano wa mwezi)

Mwenyekiti ameniomba niongee juu ya mazoezi, na naona wengine mnacheka. Mnajiuliza, mtu anayechota maji na kulima tangu alfajiri ana haja gani na mazoezi? Ni swali zuri. Lakini leo nataka kuongea na yule aliyekuwa na nguvu, akaugua, na sasa anaogopa hata kutoka nje ya nyumba yake.

Mimi mwenyewe nina ugonjwa wa sukari tangu mwaka wa 2014. Daktari aliniambia nimeze dawa, nipunguze sukari kwenye chai, na nitembee haraka haraka nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipungukiwe na kiasi hicho kama anaweza, hata mwenye ugonjwa wa kudumu kama sukari au presha. Basi nikawa natembea kutoka nyumbani hadi stendi ya matatu na kurudi. Sukari ikateremka. Nyinyi mkawa mnaniita mwanajeshi.

Mwaka wa 2021 nikashikwa na nimonia. Nililazwa siku 9. Niliporudi nyumbani mlinipenda sana, na Mungu awabariki. Huyu akachota maji, yule akaleta kuni, binti yangu hakuniruhusu hata kuosha kikombe. Kila mtu akasema, "Mama, pumzika." Nami nikapumzika miezi miwili. Jameni, miguu ilikuwa kama ya mtoto! Sukari ikapanda tena, maana mwili usiotembea hautumii sukari vizuri.

Siku moja nikajikasirikia. Nikavaa viatu, nikaenda moja kwa moja hadi stendi kama zamani. Nilifika, lakini kurudi nikashindwa. Nilikaa kando ya barabara nikitetemeka, moyo unadunda, mpaka kijana wa bodaboda akanirudisha bure. Wiki nzima sikutoka tena. Nikasema, basi, mazoezi yameisha kwangu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nimekosa mara mbili. Kosa la kwanza ni kuacha kabisa. Kosa la pili ni kutaka kurudi kwa siku moja pale nilipokuwa kabla ya kuugua.

Muuguzi mmoja alinifundisha njia ya tatu: punguza, usiache. Aliniambia nishike saa ile ile ya asubuhi niliyozoea, hata kama ni ya dakika 5 tu. Wiki ya kwanza nilifika kwenye geti na kurudi. Wiki ya pili nikafika kwa jirani. Nikachoka, nikakaa, nikaendelea. Baada ya kama miezi mitatu nilifika stendi tena, na safari hii nilirudi kwa miguu yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuna wakati wa kupumzika kweli kweli. Ukiwa na homa kali, unatapika, unaharisha, au umeshikwa na malaria, lala. Kunywa maji, meza dawa zako mpaka umalize dozi. Msidanganywe kwamba homa hutolewa kwa jasho la jembe. Homa na kazi nzito pamoja huuchosha moyo. Nenda hospitali upimwe.

Lakini hata kitandani mtu si gogo. Kama daktari hajakukataza, zungusha nyayo, kunja na kunjua magoti, vuta pumzi ndefu. Kulala siku nyingi bila kujigeuza huleta vidonda, na damu inaweza kuganda miguuni. Kabla ya kusimama, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kiishe. Homa ikisha kwisha, inuka kutoka kwenye kiti mara 5 asubuhi na mara 5 jioni. Hayo ni mazoezi, tena hayana gharama.

Utajuaje kama umezidisha? Ukitembea, uweze kuongea na mwenzako bila kukatika pumzi. Na kesho yake ukiamka umechoka kuliko jana, rudi nyuma kidogo. Kifua kikikubana, ukizimia, au ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa, simama hapo hapo, utafute daktari. Sisi wenye sukari, tuchunguze nyayo zetu kila jioni, na tubebe peremende mfukoni. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, itafune mara moja na ukae. Aliyepooza upande mmoja, au aliye na ugonjwa wa moyo au kifua kikuu, aulize kiliniki kwanza aanzie wapi. Lakini aulize! Asikae tu akingoja nguvu zije zenyewe.

Namalizia na ombi. Mkienda kumtembelea mgonjwa aliyetoka hospitali, pelekeni maji na kuni kama mlivyozoea. Ni tabia njema, tusiiache. Lakini kabla ya kuaga, mwambieni, "Mama, hebu nisindikize." Mshikeni mkono, mwende pole pole mpaka kwenye geti, kisha mmrudishe. Kesho mwingine afanye vivyo hivyo. Mimi nilipendwa nikakalishwa, na nusura nisisimame tena. Tupendane kwa kusimamishana.

Kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu nitakuwa njiani. Anayetaka kufika kwenye geti tu, nitampitia.