Aliyekuja Mzima Aondoke Mzima



Naomba nianze na mtu asiyeumwa. Tuseme ni mama wa miaka 62 anayeishi Uingereza, nchi iliyoanza mpango wa uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana mwaka 2006. Kaletewa kipimo kwa posta, akatia choo kidogo kichupani, akakirudisha. Maabara ikakuta damu isiyoonekana kwa macho. Akaitwa hospitali, akapitishiwa kolonoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera, na nyuma ya kunjo la utumbo kikaonekana kijinyama bapa cha sentimita 3. Hiyo ndiyo polipu. Si saratani, ila ikiachwa kwa miaka inaweza kugeuka. Kwamba itolewe hatubishani. Tunabishana juu ya njia.

Njia moja ni kisu: kukata kipande kizima cha utumbo na kuunganisha ncha zilizobaki. Marekani, upasuaji wa polipu zisizo saratani ulipanda kutoka watu 5.9 katika kila watu wazima 100,000 mwaka 2000 hadi 9.4 mwaka 2014. Wagonjwa zaidi ya 12,000 wa namna hiyo walipofuatiliwa, 14 katika kila 100 walipata tatizo kubwa ndani ya siku 30, na 7 hivi katika kila 1,000 walifariki. Wengine walitoka na mfuko wa kinyesi ubavuni. Hao walikatwa kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa saratani.

Njia ya pili ipo tangu mwaka 1969, daktari Hiromi Shinya alipotoa polipu kwa kolonoskopi jijini New York. Leo daktari hupenyeza sindano kupitia mpira uleule, akaingiza maji yenye rangi ya buluu chini ya polipu. Polipu huumuka kama andazi, ikaachana na msuli wa utumbo. Kisha huivisha kitanzi cha waya, akakaza, akapitisha umeme. Kubwa hutolewa kipande baada ya kipande. Mikononi mwa mabingwa, zaidi ya 9 katika kila polipu kubwa 10 humalizika hivyo bila kupasua tumbo. Damu huweza kuvuja, na mara chache utumbo hutoboka. Polipu nayo huweza kurudi. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kuunguza kingo za kidonda kulishusha kurudi huko kutoka asilimia 21 hadi 5.

Kwa nini basi kisu kinatangulia? Mara nyingi aliyeiona polipu hana ujuzi wa kuitoa, na jirani yake ni daktari wa upasuaji, si bingwa wa kitanzi. Wakati mwingine anajaribu nusu, ananyofoa hapa na pale, kovu linafunga polipu kwenye msuli, na maji ya buluu hayainui tena kitu. Njia rahisi tumeiziba wenyewe.

Sikidharau kisu. Saratani iliyokwisha kuzama ukutani mwa utumbo ni kazi yake. Lakini mwenye jicho lililozoea husoma uso wa polipu, mishipa yake na mabonde yake, akatambua iliyozama na isiyozama. Jicho hilo hupatikana kwa bidii: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wanafunzi wangu, mkikuta polipu kubwa kuliko ujuzi wenu, ipigeni picha, msiinyofoe, mpelekeni mgonjwa kwa fundi wake. Na kabla ya kuandika rufaa ya upasuaji, kaeni kikao: bingwa wa kolonoskopi, daktari wa upasuaji na msoma picha, mezani pamoja.

Yule mama hakuja akilalamika tumbo. Alikuwa nyumbani kwake, na sisi ndio tuliomwandikia barua aje. Aliyeitwa akiwa mzima ana haki ya kurudi kwake mzima.