Msimu Usio na Majira



Leo nina jambo la kuungama. Mtu mzima kama mimi, mwenye mvi, nina mapenzi makubwa na tamthilia za televisheni. Nikisikia ile niipendayo inarudi kwa msimu mpya, huizungushia tarehe hiyo duara kwenye kalenda ya ukutani, na siku hiyo mgeni asibishe hodi.

Neno hili msimu tunalijua tangu zamani. Kwa watu wa pwani lilikuwa neno la upepo na jahazi: vyombo vilikuja na kaskazi, vikarejea na kusi. Aliyengoja alijua anangoja hadi lini. Televisheni nayo ilikuwa na majira yake. Huko Marekani tamthilia zilianza Septemba, zikaenda hadi Mei kwa sehemu zaidi ya ishirini, na miezi ya joto zikarudiwa zile zilizokwisha kuonyeshwa.

Wakongwe wenzangu wataikumbuka Dallas. Tarehe 21 Machi 1980 J.R. Ewing alipigwa risasi, na msimu ukaishia hapo. Watu wakabaki kuulizana: ni nani aliyempiga? Jibu lilitolewa tarehe 21 Novemba, na watu takriban milioni 83 nchini humo walikuwa mbele ya televisheni zao. Lakini jambo moja husahaulika. Kungoja kule kulirefuka kwa sababu waigizaji waligoma kuanzia Julai mwaka huo, wakidai haki yao. Hata wakati ule, nyuma ya swali la nani aliyempiga J.R. palikuwa na swali la nani anayelipwa, na kiasi gani.

Siku hizi majira yamevurugika. Chukueni Stranger Things, iliyoanza mwaka 2016 kwa hadithi ya watoto wa miaka kumi na miwili hivi. Msimu wake wa nne ulitoka mwaka 2022, wa tano ukaja mwishoni mwa 2025. Kufikia hapo Millie Bobby Brown, aliyeanza akiwa mtoto, alikuwa ameshaolewa! Tamthilia nzima, kwa zaidi ya miaka tisa, ni sehemu 42. Dallas, kwa miaka 13, ilitoa 357.

Kwa hiyo mwaka 2023, waandishi wa Marekani walipogoma kwa siku 148 na waigizaji kwa siku 118, nilikasirika. Nikasema hawa ni watu walioshiba, wanatuchezea sisi tunaongoja. Nikayasema hayo kibarazani, mbele ya jirani yangu ambaye ni fundi cherehani. Hakuinua hata macho.

"Jirani," akaniuliza, "mimi nikizoea kushona nguo ishirini na mbili kwa mwaka, kisha nikaletewa nane, na mwaka unaofuata nisiletewe hata moja, nitakula nini?"

Nikanyamaza, maana swali lake lilikuwa ndilo kiini cha mgomo wenyewe. Chini ya utaratibu wa zamani mwandishi alikuwa na kazi sehemu kubwa ya mwaka, na kila kipindi kiliporudiwa hewani alipata malipo mengine. Tamthilia zilipohamia kwenye mtandao, kazi ikawa ya majuma machache, na malipo ya marudio yakapungua sana. Mgomo ulipokwisha, waandishi walikuwa wamepata idadi ya chini ya watu wa kuajiriwa, nyongeza kwa kazi inayotazamwa sana, na mipaka kwa matumizi ya akili bandia. Mimi niliyewalaumu sikuwa nimeuliza hata mara moja walikuwa wanakula nini.

Wala tusidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Hapa Kenya tulicheka na Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yaani Benson Wanjau, kwa miaka na miaka. Macho yalipomsumbua uzeeni, ilibidi wananchi wachange fedha ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Charles Bukeko, Papa Shirandula wetu, yule mlinzi aliyemficha mkewe kazi aifanyayo, alifariki tarehe 18 Julai 2020, na baada yake kipindi kikakoma. Hao hawatarudi na msimu wowote.

Nisieleweke vibaya. Wananchi waliochanga walifanya utu, na Mungu awalipe. Lakini mchango ni wa dharura, mshahara ni haki. Msanii aliyechekesha taifa zima hapaswi kutibiwa kwa kofia inayopitishwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema hutuzwa akiugua.

Basi ndugu msikilizaji, kipindi ukipendacho kikitangaza kurudi, furahi, nami nitafurahi nawe. Lakini usiulize tu kinarudi lini. Uliza pia wanaokitengeneza wanarudi kwa masharti gani. Na kikichelewa, usiwe mwepesi wa kutukana kama nilivyokuwa mimi.

Jirani yangu amenishonea shati. Nimemlipa siku ileile.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.