Mafuta ya Kuoshea Vyuma vya Motokaa



Neno langu leo ni juu ya mafuta ya kuoshea vyuma katika gereji. Mafundi wengi hupenda petroli, kwa kuwa huondoa grisi upesi. Lakini mvuke wake huweza kushika moto hata penye baridi ya digrii 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko au cheche, kisha moto humrudia aliyeinama juu ya karai.

Mafuta ya taa ni afadhali, maana mvuke wake haushiki moto mpaka yapate joto la digrii 38 hivi. Lakini yasichanganywe na petroli hata kidogo, na yatumiwe penye hewa, mbali na moto.

Lililo salama zaidi ni maji ya moto na sabuni ya kuondolea grisi. Kisha chuma kikaushwe na kupakwa mafuta, kisishike kutu.

Basi mkimwona kijana wa gereji akimimina petroli karaini, msimpite kimya. Haraka ya saa moja isilete kilio nyumbani.