Samadi Yetu, Moto wa Shule



Miaka kumi tumeipima kahawa yetu kwa mizani moja. Leo twawaomba tuipime na samadi. Majiko ya shule zetu hula kuni za mlima uleule utupao maji. Samadi ikichanganywa na maji sawa kwa sawa, ikafungiwa shimoni pasipo hewa, hutoa gesi ya kupikia. Masalio yake ni mbolea. Ng'ombe wa mtu mmoja hawalishi jiko la shule, lakini haba na haba hujaza kibaba. Wanachama walete ndoo, wanafunzi walitunze shimo, mbolea irudi mashambani. Wangari Maathai alianza na miti saba mjini Nairobi mwaka 1977. Sisi tuanze na ndoo.