Je, Unajuta?

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Katibu aliponiandikia aliniachia uhuru wa kuchagua jambo la kusema. Nimechagua swali ambalo wengi wenu mmeniuliza pembeni tangu 2015: "Ule upasuaji wa kupunguza unene, ndugu yetu, unajuta?" Nimeona afadhali niwajibu wote kwa pamoja, kwa kuwa najua humu ndani wamo wanaofikiria kufanya kama mimi.

Kwanza nieleze hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa na kilo 132, na urefu wangu ni sentimeta 173. Vijana wa hisabati, chukueni uzito kwa kilo, mgawanye kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mtapata 44. Madaktari huhesabu 30 kuwa mwanzo wa unene uliokithiri. Wataalamu wa Marekani walikubaliana mwaka 1991 kwamba upasuaji unafaa kwa mtu aliyefika 40, au 35 ikiwa ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilishauri kuwa 35 yatosha hata bila maradhi. Mimi nilikuwa na kisukari tangu 2004, nilikuwa na shinikizo la damu, na usiku pumzi zilikuwa zikikatika hata mke wangu akawa analala nusu macho ili anishtue. Kufunga nilifunga, kutembea nilitembea. Kila kilo kumi zilizoondoka zilirudi na wageni.

Upasuaji huu si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 huko Marekani walianza kwa kuuruka utumbo mdogo karibu wote. Watu walikonda kweli, lakini wakapata kuhara kusikokoma, mawe ya figo, na wengine ini likaharibika. Njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1966 Dk. Edward Mason na Dk. Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walianza njia nyingine, ambayo imerekebishwa mara nyingi na ndiyo mzazi wa ile niliyofanyiwa mimi nchini India. Daktari hutenga kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo la chakula, kisha huunganisha utumbo hapo moja kwa moja. Njia inayotumika zaidi duniani siku hizi ni ya kukata na kuondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula, unaobaki ukawa mwembamba kama mkono wa shati. Kilichokatwa hakirudishwi. Tusichanganye mambo haya na puto linalowekwa tumboni kwa muda kisha likatolewa, kama wanavyofanya Mloganzila. Puto si upasuaji.

Sasa, je, watu hujuta? Nitawapa hesabu moja kutoka Denmark, iliyochapishwa mwaka 2016. Watu zaidi ya 1,400 waliofanyiwa upasuaji kama wangu waliulizwa hali zao, wengi wao miaka minne au mitano baadaye. Katika kila 100, watu 87 walisema maisha yao yamekuwa bora kuliko zamani. Wanane walisema yamekuwa mabaya zaidi. Lakini sikilizeni na hili: katika watu hao hao, 89 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya mwili baada ya upasuaji: maumivu ya tumbo, uchovu, upungufu wa damu, kizunguzungu. Karibu theluthi moja walilazwa hospitali kwa ajili ya matatizo hayo. Basi mtu anaweza kuumwa na asijute. Nami ni mmoja wao.

Faida niliyoipata ni hii. Katika mwaka mmoja na nusu nilishuka hadi kilo 88. Leo nina 96, maana baadhi ya kilo hurudi, na anayeahidiwa vinginevyo anadanganywa. Dawa za kisukari, zilizokuwa aina nne, ziliondolewa zote kwa miaka mitano. Sasa nameza kidonge kimoja. Nalala, na mke wangu analala. Huko Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, na wengine idadi kama hiyo wasiopasuliwa. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa vifo vilikuwa pungufu kwa karibu robo kwa waliopasuliwa. Baba yangu alikufa kwa kisukari akiwa na miaka 58. Mimi nimeipita miaka hiyo.

Gharama yake je? Siisemi ile ya fedha, ingawa iliuza kiwanja. Nasema ile ya kila siku. Ninyi wenzangu mnakumbuka jinsi tulivyokula humu bwaloni: kengele, ugali na maharage, dakika kumi, sahani imesafishwa. Mimi sasa nakula kwa nusu saa kiasi cha kiganja, nikitafuna kama mbuzi. Nikinywa soda au nikila kitu chenye sukari nyingi, chakula kinamiminika utumboni kwa haraka. Natoka jasho, moyo unakwenda mbio, nalazimika kulala chini. Vitamini, madini ya chuma na kalsiamu nitameza hadi kaburini, na kila mwaka napimwa damu. Asiyeweza kupata vidonge hivyo na vipimo hivyo mahali anapoishi, asipasuliwe. Damu hupungua, mifupa hulegea, na mishipa ya fahamu huharibika polepole bila kupiga hodi.

Jambo la pili ni watu. Kwetu sisi mwili ni habari. Ukinenepa unaambiwa umependeza, mambo yako mazuri. Ukikonda watu hunong'ona. Wenzetu wa Uganda katika miaka ya 1980 waliuita UKIMWI kwa jina la "Slim", yaani kukonda, na kumbukumbu ile haijatutoka hata leo. Nilipofika msibani nikiwa nimepungua kilo arobaini, shangazi yangu alinishika mkono akalia. Hakusema neno, ila nilielewa ananililia mimi, wala si marehemu. Mwingine alimwita mke wangu pembeni kumshauri akapime. Tena kukataa chakula nyumbani kwa mtu ni tusi. Nimelazimika kujifunza kueleza tumbo langu mbele ya wakwe.

La tatu ni zito zaidi. Wodini nililala jirani na ndugu mmoja kutoka nchi nyingine ya Afrika, tukapatana, tukaendelea kuandikiana. Yeye anajuta. Upasuaji wake ulikwenda vizuri kuliko wangu, na alikonda kuliko mimi. Lakini chakula ndicho kilikuwa mwenzake wakati wa huzuni, na kilipoondolewa akabaki na huzuni peke yake. Akageukia pombe. Baada ya upasuaji wa namna yetu pombe huingia katika damu haraka na kwa nguvu, na utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mwaka wa pili watu wenye matatizo ya pombe huongezeka. Wachunguzi wameona pia kwamba majaribio ya kujidhuru huongezeka kwa baadhi ya waliopasuliwa. Aliniandikia hivi: "Walinipima damu, moyo na mapafu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nakula." Sentensi hiyo nimeibeba miaka yote.

Ndiyo maana nasema, mtu akiniuliza kama afanyiwe, humuuliza mimi mambo manne. Je, unene wako umekuletea maradhi, au unaona haya tu? Je, umezungumza na mtu mwenye ujuzi kuhusu huzuni zako? Je, utapata vidonge na vipimo kwa maisha yako yote? Na je, nyumbani kwako wanajua na wamekubali? Siku hizi ziko pia sindano za kupunguza uzito, na daktari mwaminifu atakueleza njia zote kabla ya kushika kisu. Hatari ya kufa kwa upasuaji wenyewe ni ndogo katika hospitali zenye uzoefu, pengine mtu mmoja hadi watatu kwa elfu. Lakini aliyekufa kwake ni moja kwa moja.

Jibu langu basi, ndugu zangu: sijuti. Nasikitikia baadhi ya vitu, kama ugali wa kushiba na kinywaji cha baridi pamoja nanyi, lakini kusikitika na kujuta ni mambo mawili. Ndugu yangu yule naye anayo haki ya kujuta, wala sitaki mtu amwambie kuwa hana shukrani. Anayewasifia upasuaji huu bila kumtaja yeye amewapa nusu ya habari. Na anayewatisha kwa habari zake bila kunitaja mimi amefanya vile vile.

Kwenu vijana nina neno moja. Shuleni hapa niliitwa Bonge, na walioniita hivyo wengine wamekaa mbele yangu wakiwa na vitambi vya kutosha. (Kicheko.) Nawapenda wote. Lakini mjue kwamba katika kidato chenu yumo mmoja anayekula peke yake nyuma ya bweni kwa sababu ya jina kama hilo. Kaeni naye mezani. Hilo halihitaji daktari, na huenda likamwepusha na mengi.