Mikate ya Mdalasini: Donge Moja, Walaji Tofauti

Kanda vikombe 3 vya unga wa ngano, vijiko 2 vidogo vya hamira, mafuta ya kupikia na kikombe 1 cha maji vuguvugu. Hakuna yai wala maziwa, kwa hivyo hata mtoto anayedhuriwa na vitu hivyo atakula. Funika kwa saa moja uumuke.

Sasa ligawe donge kabla ya kutia utamu. La wakubwa, sukuma kama chapati, nyunyizia sukari na mdalasini, kunja kama mkeka, kata vipande. Oka kwenye sufuria, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko.

La mtoto wa miezi 8, paka ndizi mbivu iliyopondwa. Usitie asali! Kabla ya mwaka 1 asali haifai kabisa, hata ikiokwa. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo joto la kuokea haliviui, na sumu yao hulegeza misuli hadi mtoto ashindwe kupumua.

Na nyanya mwenye kisukari? Mdalasini si badala ya dawa zake, hata majirani wakisema vipi. Unga wenyewe hugeuka sukari mwilini. Mkatie kipande kidogo, na chai isiyo na sukari.