Chakula cha Mchana na Nguvu za Mtu



Mwaka jana tulipomzika mzee mmoja wa chama hiki, nami nilikuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Kabla ya kufika kaburini mikono ilinitetemeka, nikampisha mwingine. Niliona haya. Sikuwa mgonjwa, bali kwa muda mrefu nilikuwa nikinywa chai kavu asubuhi, nikishinda ofisini bila kula, na jioni nikijaza tumbo kwa ugali.

Mtu wa kilo 60 atakaye kujenga misuli huhitaji protini ipatayo gramu 90 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Kiasi hicho ni kizito kwa mlo mmoja wa jioni. Yafaa kigawanywe kutwa.

Wala si lazima kuwa tajiri. Eliud Kipchoge, aliyekimbia maratoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alijizoeza Kaptagat, jirani zetu, kwa ugali, mboga, maharagwe na maziwa.

Basi karani na achukue githeri na mayai mawili ya kuchemsha, ale saa saba. Tena afanye kazi ya jembe na kulala vya kutosha, kwani chakula peke yake hakijengi misuli.

Mwezi uliopita tulizika tena. Safari hii nilifika kaburini.